Fahamu: Kakao ya Kyela inavyoinua uchumi wa Mbeya

Kakao ni zao linalotumika kutengeneza chokoleti. Sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania hulimwa Kyela, mkoani Mbeya.

Kwa nini ilizungumzwa?

Mwaka 2024 bei ya kakao katika soko la dunia ilipita dola 10,000 kwa tani, baada ya mavuno kushuka Ivory Coast na Ghana.

Fedha hufikaje kijijini?

Mkulima hupasua tunda, huchachusha mbegu kwa siku kadhaa, kisha huzianika juani. Hapo ndipo ubora hupatikana au hupotea. Mzigo hupelekwa kwenye chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS) na kuuzwa mnadani kupitia mfumo wa stakabadhi ghalani, ambapo mazao hutunzwa ghalani hadi yauzwe; halmashauri nayo hupata ushuru.

Tatizo liko wapi?

Kakao nyingi husafirishwa ghafi, hivyo ajira za usindikaji huenda nje.