Gaby si Gaël: ni nani anayesimulia Bujumbura katika riwaya ya "Petit Pays"?

Tangu mwaka 2016, ilipochapishwa mjini Paris na kutunukiwa tuzo ya Goncourt ya wanafunzi wa sekondari, riwaya ya Petit Pays ya Gaël Faye imekuwa kitabu kinachotajwa kwanza kila inapozungumzwa Bujumbura katika fasihi. Msomaji mwenyeji wa mji huu hukifungua akiwa na swali moja: je, mambo haya yalitokea kweli?

Swali hilo ni la haki. Mwandishi alizaliwa Bujumbura mwaka 1982, baba yake Mfaransa na mama yake Mnyarwanda, na akahamia Ufaransa mwaka 1995. Gabriel, au Gaby, mtoto anayesimulia kitabuni, naye ana baba Mfaransa na mama Mnyarwanda, naye anahamia Ufaransa. Faye ameeleza zaidi ya mara moja kwamba kitabu chake si tawasifu. Wengi huyachukua maneno hayo kama adabu ya waandishi, kisha huendelea kusoma kama wanaosikiliza ushahidi mahakamani.

Hapo ndipo msomaji anapojinyima mengi. Mwandishi ni mtu mwenye cheti cha kuzaliwa. Msimulizi ni sauti aliyoiunda mwandishi, akaipa umri, mahali pa kusimama na mambo isiyoyajua. Wazee waliotutolea hadithi baada ya chakula cha usiku walilijua jambo hili bila kusoma nadharia yoyote: bibi aliposema kwa sauti ya fisi, hakuna mjukuu aliyedhani bibi ni fisi.

Sauti mbili ndani ya mtu mmoja

Anayesimulia Petit Pays si mtoto peke yake. Kitabu kinaanza na mtu mzima anayeishi karibu na Paris, mwenye miaka 33, asiyejua kama arudi Burundi au la. Ndiye anayekumbuka. Mtoto wa miaka 10 ni macho tu anayoyaazima.

Mfano mzuri unahusu redio. Asubuhi ya tarehe 21 Oktoba 1993, siku aliyouawa Rais Melchior Ndadaye, redio inapiga muziki wa klasiki. Msimulizi anatuambia kwamba ndivyo ilivyokuwa pia mwaka 1966, 1976 na 1987, na kila mara anamtaja mtunzi wa muziki uliopigwa: Schubert, Beethoven, Chopin, na safari hii Wagner. Mtoto anayeiba maembe na wenzake hajui orodha kama hiyo. Anayesema hapo ni mtu mzima, aliyekwisha kupata muda wa kuzihesabu siku mbaya za nchi yake. Msomaji akiusikia mshono huo kati ya sauti mbili, ataanza kuuona kila mahali kitabuni.

Kinyume chake, zipo sehemu ambapo mtu mzima ananyamaza kwa makusudi. Katika kurasa za mwanzo, watoto wanamuuliza baba yao kwa nini Wahutu na Watutsi wanapigana. Baba anajibu, swali baada ya swali, hadi anafikia tofauti ya pua. Watoto wanatoka hapo wakianza kuzikagua pua za watu. Msimulizi haongezi hata neno moja la kumsahihisha baba. Anayedhani ukimya huo ni kukubali atamlaumu Faye kwa maneno ya mhusika wake. Ukimya huo una kazi nyingine: unatuonyesha jinsi upuuzi unavyomwingia mtoto, kwa utulivu, kutoka kwa mtu anayempenda.

Mambo ambayo Gaby haoni

Bujumbura ya Gaby ina mipaka. Ni kichochoro kisichotokeza cha Kinanira, bustani na maembe yake, shule ya Kifaransa, na safari za Ngagara kwa bibi yake. Msomaji wa Buyenzi au Bwiza, mitaa ambayo Kiswahili kimekuwa lugha ya nyumbani na ya sokoni tangu enzi za ukoloni, anaweza kuumia akiona jinsi mji anaoujua unavyopita mbali. Kuumia huko kuna msingi, lakini kusimwendee mwandishi upesi. Gaby ni mtoto wa nyumba yenye mpishi, dereva na msimamizi wa kazi, na kitabu kinajua hivyo kuliko anavyojua yeye.

Kisa cha baiskeli kinathibitisha. Baiskeli ya Gaby inaibwa, inauzwa mara kadhaa, hatimaye inapatikana mikononi mwa mtoto wa familia maskini ambayo iliinunua kwa jasho lake bila kujua kuwa ni ya wizi. Gaby anairudisha. Donatien, msimamizi Mzairwa anayefanya kazi kwa baba yake, anamwambia waziwazi kwamba amefanya jambo baya, na Gaby anaingiwa na haya. Je, msimulizi anayetaka kujipamba angekihifadhi kisa hicho? Kukihifadhi kwake ni sababu mojawapo ya kumwamini baadaye, inapofika sehemu ngumu kuliko zote, pale vijana wa mtaani wanapomsukuma kushiriki katika kumchoma mtu moto. Anasimulia bila kujitetea.

Wasomaji wa Kiswahili wamekwisha kuzoezwa kazi hii na mabingwa wao. Shaaban Robert, katika Kusadikika ya mwaka 1951, aliwapa wahusika majina yanayofichua tabia. Waziri ni Majivuno, mshtakiwa ni Karama, na msomaji hana haja ya kukisia nani yuko upande wa haki. Miaka ishirini na mitatu baadaye, Euphrase Kezilahabi akauondoa msaada huo. Kichwamaji inasimuliwa na Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye uchungu na kila mtu, na hatuna dirisha jingine la kuwaonea watu wa kijijini kwake isipokuwa uchungu huo. Kwa kuwa Kezilahabi naye alizaliwa Ukerewe na kusoma Dar es Salaam, ni rahisi kusema Kazimoto ndiye yeye. Lakini anayesema hivyo atalazimika kuamini kila hukumu ya Kazimoto juu ya wengine, na riwaya imejaa dalili kwamba kijana huyo mara nyingi hawaoni watu walio mbele yake.

Nyumba moja, wasimulizi wawili

Kwa Warundi, pengine hakuna riwaya ya Afrika Mashariki inayoligusa suala hili karibu zaidi kuliko By the Sea ya Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyetunukiwa Nobeli ya Fasihi mwaka 2021. Mzee Saleh Omar anafika Uingereza kuomba hifadhi akitumia jina lisilo lake. Jina hilo ni la mtu ambaye nyumba yake iliishia mikononi mwa Saleh Omar. Huko Uingereza anakutana na Latif Mahmud, mtoto wa mtu huyo, aliyekua akiisikia habari ya nyumba kwa upande wa waliofukuzwa.

Kila mmoja anasimulia kwa nafsi ya kwanza. Msomaji akimsikiliza Latif anamwona Saleh Omar dhalimu, na akimsikiliza Saleh Omar anagundua mikopo, hati na udanganyifu ambao Latif, mtoto wakati ule, hakuweza kuujua. Gurnah hamleti msimulizi wa tatu, mjuzi wa yote, kuja kukata kesi. Katika nchi ambako waliorejea kutoka ukimbizini wamekuta wengine katika nyumba na mashamba yao, na ambako pande zote mbili huweza kueleza habari zao bila kusema uongo, hakuna haja ya kufafanua kwa nini kitabu hiki kisomwe polepole.

Roland Rugero, mwandishi wa Kirundi, alichukua njia nyingine katika Baho! ya mwaka 2012. Mhusika wake Nyamuragi ni bubu. Ishara za mikono anazomfanyia msichana, akitafuta mahali pa kujisaidia, zinafasiriwa kuwa jaribio la ubakaji, na umati unamtaka roho yake. Msimulizi ametuambia mapema ukweli ambao umati hauujui. Hatuna nafasi ya kushangaa kosa la umati. Tunabaki tukilitazama likikua, mtu mmoja baada ya mwingine akiongeza maana yake kwenye mikono ya mtu asiyeweza kusema.

Petit Pays nayo inamalizia kwa kosa la kufasiri, na ni la mama. Yvonne, aliyekwenda Rwanda baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 na kuwakuta watoto wa shangazi yake wameuawa, alirudi akiwa msimulizi asiyeweza kunyamaza. Aliyoyaona aliyasema mezani, kisha usiku baada ya usiku kwa binti yake mdogo. Miaka ishirini baadaye Gaby anarudi Bujumbura kuchukua masanduku ya vitabu aliyoachiwa na jirani wa zamani. Katika giza la kabare anaisikia sauti ya mama yake. Anamsogelea. Mama anamtazama, na anamwita kwa jina la Christian, mmoja wa watoto waliouawa.