Tela lisilo na breki: rahisi dukani, ghali mteremkoni

WANUNUZI wa matela katika Kilosa na Mikumi huuliza kwanza bei, kisha uwezo wa kubeba, kisha hali ya matairi. Swali la breki huja mwisho, na wengine hawaliulizi kabisa. Badala yake kazi ya breki huachiwa utingo, ambaye huruka chini na jiwe mkononi kila trekta linaposimama mlimani.

Ubaya wa hesabu hiyo uko kwenye uzito. Trekta la kawaida la shambani lina uzito wa tani mbili na nusu hadi tatu hivi. Tela lililopakia magunia 40 ya kilo 100 lina mzigo wa tani nne, bila kuhesabu chuma cha tela lenyewe. Kwa hiyo kinachovutwa ni kizito kuliko kinachovuta. Kwenye tambarare za Kimamba na Rudewa, kwenye mashamba ya mkonge, dereva anaweza asilione tatizo. Kwenye mteremko tela husukuma trekta kutoka nyuma, na likikunja kidogo pale linapofungwa, huliangusha ubavu.

Barabara kuu nayo ina yake. Kwa kilomita 50 hivi barabara ya kwenda Iringa na Zambia hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, na mwendo wa mwisho unaoruhusiwa humo ni kilomita 70 kwa saa. Kwa mwendo huo gari hupita mita 19 kila sekunde. Pundamilia akikatiza ghafla, pikapu yenye breki nzuri husimama, lakini tela lisilo na breki huendelea na safari. Mwenye gari hubaki na mambo matatu ya kulipia: gari, mzigo, na faini ya mnyama aliyegongwa.

AINA ZILIZOPO

Mnunuzi ana njia nne za kuchagua.

Ya kwanza ni breki ya msukumo. Gari linalovuta likipunguza mwendo, tela husukuma mbele mkono wake wa kuvutia, na msukumo huo ndio unaobana breki kwa njia ya waya, fito au mafuta. Haihitaji kuunganishwa na mfumo wa breki wa gari, hivyo tela huweza kuvutwa leo na gari hili na kesho na lile. Udhaifu wake ni kwamba dereva hawezi kuibana apendapo. Aidha, kwenye mteremko mrefu kama Kitonga, kwa anayerudi kutoka Iringa, tela husukuma muda wote na breki hupata moto. Wakati wa kurudi nyuma nayo hubana, isipokuwa iwe na kifaa cha kuizuia. Ulaya huiruhusu nyuma ya magari madogo kwa tela lisilozidi kilo 3,500, na tela lisilo na breki kabisa haliruhusiwi kuzidi kilo 750.

Ya pili ni breki ya umeme, inayotumika sana Marekani. Dereva huirekebisha akiwa ndani ya gari. Lakini kila gari litakalovuta lazima lifungwe kifaa chake, na waya ukikatika porini breki haipo.

Ya tatu ni breki ya mafuta inayoendeshwa na trekta. Ina nguvu na humtii dereva, mradi trekta liwe na vali ya breki za tela. Matrekta mengi ya zamani hayana.

Ya nne ni breki ya upepo ya malori. Ndiyo inayofaa mzigo mkubwa, na ile yenye springi hubana yenyewe upepo unapokwisha. Inahitaji kompresa, matangi ya kutolewa maji kila siku, na fundi anayeijua.

Hapa ndipo wengi hukosea. Matela mengi ya karakana za mitaani hujengwa kwa ekseli za malori yaliyochakaa, ambazo aghalabu zilikuwa na breki za upepo. Trekta la mnunuzi halina upepo, basi vifaa hung'olewa na tela huuzwa likiwa na dramu tupu. Anayeziona dramu hizo hudhani amenunua breki.

MAJI NA TOPE

Kilosa ni wilaya ya mito. Mafuriko ya mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 yaliharibu hata Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe. Tela linalovuka vijito masika, au linaloingia kwenye mashamba ya miwa kuelekea Ruembe, hupata taabu ile ile ya tela la boti linaloshushwa ziwani.

Wenye boti wana somo la kutoa. Dramu hushika maji na tope, na laini zikilowa hupoteza nguvu hadi zikauke. Diski hukauka upesi zaidi, ingawa hushika kutu. Breki ya umeme ndiyo isiyopenda kuzamishwa. Jambo la muhimu kuliko yote ni kupumzika kabla ya kuingia majini: habu yenye moto ikizamishwa ghafla hunyonya maji kupitia sili, grisi huharibika na beringi hufa. Aliyetoka baharini hana budi kusuuza breki kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Aliyetoka topeni naye asuuze.

HESABU YA MNUNUZI

Breki huchaguliwa kwa kuangalia kwanza chombo kitakachovuta. Mkulima anayekodi trekta, leo la huyu na kesho la yule, atapoteza fedha akinunua breki ya mafuta itakayokosa pa kuchomekwa. Kwake breki ya msukumo, pamoja na breki ya mkono ya kuegeshea na gia ndogo mteremkoni, ina faida zaidi, mradi uzito usizidi ule uliowekwa na mtengenezaji. Mwenye trekta lake lililo na vali achukue ya mafuta. Mwenye pikapu anayevuta boti kupitia Mikumi kwenda Ziwa Nyasa achukue ya msukumo, yenye waya wa dharura unaobana breki tela likichomoka. Mwenye lori asitafute njia ya mkato: ni upepo.

Spea nazo zihesabiwe. Diski isiyopatikana Morogoro mjini itasimamisha tela msimu mzima wa mavuno, wakati laini za dramu hubadilishwa na fundi wa karibu kwa siku moja.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka chombo cha barabarani kiwe katika hali ya usalama. Lakini kabla ya askari kuuliza, mnunuzi mwenyewe aombe tela lipakiwe, livutwe hadi kwenye mteremko mfupi, kisha lisimamishwe mbele ya macho yake. Muuzaji anayekataa jaribio hilo ameshamjibu. Na tela likishanunuliwa, jiwe la utingo libaki kuwa akiba, lisiwe breki.