Kisu cha kuagiza kwa mhunzi: lipia makali, usilipie mng'aro

MTU anayerejea nyumbani baada ya miaka mingi ya ukimbizini huanza maisha na vitu vichache: jembe, panga, sufuria, blanketi na kisu. Jembe likivunjika, msimu unaharibika. Kisu kikiwa butu, kila kazi ya siku inakuwa adha, kuanzia kumenya muhogo hadi kumchinjia mgeni kuku.

Mfanyabiashara wa mpakani naye hana nafuu. Muuza samaki, mwenye bucha na mkata ndizi wote wanakula kwa kisu. Kisu kinachohitaji kunolewa kila baada ya mteja wawili watatu kinamla mwenyewe muda, na wateja wanahamia meza ya jirani.

Visu vya dukani vipo tele na bei yake inavutia. Tatizo ni kwamba vingi vya bei ya chini ni vya chuma laini kilichong'arishwa, na mpini wake huanza kucheza kabla mwaka haujaisha. Ndiyo maana wengi bado wanakwenda kwa mhunzi na kumwambia awatengenezee kisu chao wenyewe.

Hata hivyo, kuagiza si sawa na kununua. Dukani unachagua kilichopo. Kwa mhunzi unatoa fedha kwa kitu ambacho bado hakijazaliwa. Usipojua la kuuliza, unaweza kurudi na kipande cha chuma chenye sura ya kisu.

Ufundi wa kwetu

Nchi zinazozunguka maziwa yetu si geni kwa chuma. Katika maeneo ya Kagera, Rwanda na Burundi watu waliyeyusha chuma zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mwaka 1978 mwanaakiolojia Peter Schmidt na mtaalamu wa metali Donald Avery walichapisha utafiti wao kuhusu tanuri za Wahaya. Walieleza kuwa mafundi hao walipata joto kali kwa kuipasha hewa ya mvukuto kabla haijafika katikati ya moto.

Heshima ya mhunzi ilifika hadi ikulu. Nyundo ya chuma ilikuwa miongoni mwa alama za ufalme wa Rwanda, na huko Karagwe watawala walihifadhi sanamu za ng'ombe zilizofuliwa kwa chuma. Warundi na Wanyarwanda humwita fundi huyu umucuzi.

Mhunzi wa leo kwa kawaida hayeyushi tena mawe. Anatumia chuma chakavu. Fuawe lake huenda ni kipande cha reli, na mvukuto wa ngozi ya mbuzi mara nyingi umeachia nafasi feni inayozungushwa kwa gurudumu la baiskeli. Moto ni wa makaa, na kanuni za chuma ni zilezile.

Chuma gani?

Swali la kwanza la kumuuliza fundi ni hili: kisu changu utakitoa kwenye chuma gani? Jibu lake lina uzito kuliko bei.

Kinachofanya chuma kishike makali ni kiasi kidogo cha kaboni kilichomo ndani yake. Nondo za kawaida za ujenzi na bomba zina kaboni kidogo. Zinafulika kwa urahisi na zinapendeza zikisuguliwa, lakini hazikazi vya kutosha. Kisu cha nondo kitakata nyanya siku ya kwanza, na baada ya wiki kitaiponda.

Springi ya gari ni habari nyingine. Ina kaboni ya kiasi cha nusu asilimia au zaidi kidogo, inakubali kukazwa kwa moto, tena inavumilia kugongwa. Tupa iliyochakaa ina kaboni nyingi zaidi, mara nyingi kama asilimia moja au kuzidi. Inatoa makali makubwa, lakini fundi akikosea moto inakatika kama kigae.

Springi nayo ina siri yake. Iliyobeba mizigo kwa miaka mingi katika barabara mbovu inaweza kuwa na nyufa usizoziona kwa macho. Fundi makini huchagua kipande kisichokuwa karibu na mahali ilipovunjikia, na hukikagua tena baada ya kukikaza, kwa kuwa hapo ndipo ufa hujitokeza.

Kama fundi ana mashine ya kusaga, mwombe aguse chuma mbele yako. Cheche za chuma laini huruka ndefu na kupasuka kidogo tu. Za chuma chenye kaboni ya kutosha hupasuka kwa wingi kama vinyota. Ni kipimo cha dakika moja, na hakina gharama.

Agiza kazi, usiagize sura

Wateja wengi hufika wakiwa na picha ya kisu kichwani. Mazungumzo karibu na moto huwa kama haya:

"Habari za kazi, fundi?"

"Njema, mama. Karibu."

"Nataka kisu kirefu, kinachong'aa."

"Cha kazi gani, mama?"

"Cha bucha."

"Cha kupasua mifupa, au cha steki tupu?"

Swali hilo la mwisho ndilo linaloamua kila kitu. Kisu cha steki huwa chembamba, na makali yake yameinama sana. Kikigonga mfupa kinameguka. Cha kupasulia mifupa kinatakiwa kuwa kinene mgongoni, milimita 5 au zaidi, na makali yake yawe butu kidogo kwa pembe, ili yasivunjike. Cha kupasulia samaki kinatakiwa kiwe chembamba zaidi, kiweze kupinda kidogo kikifuata mfupa wa mgongo. Mundu wa kukatia mikungu ya ndizi unataka uzito mbele na ncha iliyojikunja.

Hakuna kisu kimoja kinachofanya kazi zote hizo vizuri. Anayeahidiwa hivyo ajue anauziwa maneno.

Fahamu pia kwamba springi huwa nene, aghalabu milimita 6 na kuendelea. Kuifua mpaka iwe kisu chembamba cha samaki ni kazi ndefu ya nyundo. Usishangae basi fundi akikutajia bei kubwa kwa kisu kidogo kuliko kwa panga.

Njia rahisi ya kuepuka ugomvi ni kuchukua boksi gumu, ukakata sura ya kisu unachotaka kwa ukubwa wake halisi pamoja na mpini. Kishike hicho kisu cha boksi kama unafanya kazi. Kama mtumiaji ni mwingine na yuko ng'ambo ya mpaka, achore kiganja chake kwenye karatasi akupe. Kama anatumia mkono wa kushoto, sema mapema.

Moto wa pili

Kufua ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kukaza, na hapo ndipo mafundi hutofautiana.

Kisu kikishapata umbo hupashwa moto hadi kiwe chekundu cha kuelekea rangi ya chungwa. Alama nzuri ni sumaku: chuma kikifikia joto la karibu nyuzi 770 za sentigredi, sumaku haikishiki tena. Mafundi wengine hutumia sumaku ya spika ya redio iliyoharibika. Kisu huongezwa moto kidogo, kisha huzamishwa katika mafuta. Mafuta ya kula yanafaa, mawese yakiwemo. Maji hupoza kwa haraka mno, na kisu chembamba cha springi kinaweza kupasuka humo.

Kikitoka kwenye mafuta kisu ni kigumu, lakini ni chepesi kuvunjika. Ni lazima kirudishwe kwenye moto mdogo ili ugumu upungue kiasi. Fundi husugua upande mmoja na kutazama rangi inavyotembea: njano ya majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau na buluu. Kisu cha kukatia nyama husimamishwa kwenye njano. Panga au mundu, unaogonga miti, hufikishwa kwenye zambarau au buluu.

Muulize fundi wako kama anafanya moto huu wa pili. Anayeuruka anaokoa muda na makaa yake, na hasara anakuachia wewe.

Kabla ya kumalizia malipo

Mpini nao uangaliwe. Mti uwe mkavu, kwani mti mbichi husinyaa na kuacha nafasi ya maji na damu kuingia. Mkia wa kisu ufike mbali ndani ya mpini, au uonekane pande zote mbili na kufungwa kwa ribiti mbili au tatu. Mkia mfupi uliogongewa kwenye mti utatoka siku una haraka.

Siku ya kuchukua mzigo, fanya majaribio mbele ya fundi. Tazama mgongo wa kisu kama unavyotazama ubao, uone kama umenyooka. Pitisha tupa kwa wepesi kwenye makali: ikiteleza, chuma kimekaa, ikila kama inakula nondo, hakikukazwa. Kata kipande cha mti mkavu mara kumi, kisha angalia kwenye mwanga kama makali yamejikunja au kumeguka. Fundi anayejiamini hakasiriki ukifanya hivyo.

Kuhusu fedha, advansi ni haki ya fundi kwa sababu ananunua chuma na makaa. Lakini iandikwe. Karatasi moja yenye kazi ya kisu, urefu, aina ya chuma, aina ya mti, bei, kiasi kilicholipwa na siku ya kuchukua inatosha. Ongezeni sharti moja: kisu kikivunjika katika kazi kilichoagiziwa ndani ya muda mliokubaliana, fundi atatengeneza kingine.

Kwa wanaovuka mpaka, tajeni pia fedha itakayotumika, kama ni faranga au shilingi, na kwa kiwango cha siku ipi. Wiki mbili za kusubiri zinaweza kubadilisha bei bila mtu yeyote kusema uongo.

Mfanyabiashara anayetaka visu kwa wingi aanze na kimoja, akitumie, ndipo aagize vingine. Kile cha kwanza akiweke kama kielelezo, na fundi apige chapa yake kwenye kila kisu.

Njiani na mpakani

Kisu kina kumbukumbu nzito katika nchi zetu. Baada ya mauaji ya mwaka 1993 nchini Burundi na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda mwaka 1994, wapo ambao hawawezi kuona chuma kikipita wazi barabarani wakatulia. Mtu mgeni kilimani, hata kama ni mzaliwa aliyerejea, asitembee na kisu mkononi. Mwagize fundi ala ya ngozi pamoja na kisu, na ukifunge ndani ya mzigo.

Kwenye basi, kisu kikae na mizigo ya chini, si kwenye mkoba wa mapajani. Kwa forodha, ile karatasi ya fundi inasaidia kueleza kitu hicho ni nini na kimegharimu kiasi gani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina cheti rahisi cha uasilia kwa wafanyabiashara wadogo wenye bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani. Uliza forodhani kabla ya kuagiza kama bidhaa yako imo kwenye orodha. Usisubiri kuuliza huku mzigo uko mezani.

Kisu kikifika nyumbani kumbuka kuwa springi inashika kutu. Kioshe, kikaushe papo hapo, kipake mafuta ya kula kidogo. Kikigeuka rangi ya kijivu kwa matumizi, hakijaharibika. Kinolee kwenye jiwe lenye maji, na usikipeleke kwenye mashine ya kasi, kwani joto lake linaweza kufuta kazi yote ya moto wa pili.

Na kikipata jeraha, mrudishie aliyekifua. Anaijua springi aliyoitumia na moto aliokipa, na kukirekebisha kutakugharimu kidogo kuliko kuanza upya.