Mlango wa Ndama ni Mfupa

Katika mitaa ya pembezoni mwa Dar es Salaam, kama hapa Mtoni, wako wananchi wapatao karo za watoto na kitoweo cha nyumba kutoka katika kiwele cha ng'ombe afugwaye uani. Hawa si matajiri wa mifugo. Kanuni za kilimo cha mijini za mwaka 1992 ziliweka kikomo cha ng'ombe 4 kwa mfugaji wa mjini. Kwa mwenye ng'ombe wanne, mtamba mmoja afapo katika kuzaa, robo ya mali imekwenda, pamoja na maziwa yaliyongojwa muda mrefu.

Yafaa basi tuulize: kwa nini mtamba mwenye afya njema ashindwe kuzaa? Wengine hutaja jicho la jirani, wengine hulaumu bahati. Sisi twasema mara nyingi jawabu limo katika mfupa.

Nyonga ya ng'ombe ni pete ya mifupa. Juu yake umo mwisho wa uti wa mgongo, kando ziko kuta mbili za mifupa ya nyonga, na chini ndipo kuta hizo zikutanapo kwenye kinena. Kila ndama azaliwaye kwa njia ya kawaida hana budi kupita katikati ya pete hiyo. Siku za kuzaa zikaribiapo, homoni hulegeza mishipa ishikayo mifupa hiyo, na ndiyo sababu twaona mashimo yakitokea kando ya shina la mkia. Lakini mishipa hulegea tu. Mfupa haugeuki kuwa mpira. Maabara Kuu ya Veterinari ni jirani yetu hapa Temeke, lakini hapana maabara iwezayo kupanua nyonga usiku wa kuzaa.

Taabu huanza miezi tisa kabla ya usiku huo. Mfugaji ana mtamba mdogo, chotara au wa kienyeji, naye atamani maziwa mengi. Huagiza mbegu ya fahali mkubwa wa Friesian bila kuuliza zaidi. Ndama wa Friesian huweza kuzaliwa na kilo 40 au zaidi. Ndama wa ng'ombe wetu wa kienyeji huwa na nusu yake hivi.

Ni kweli kwamba Mwenyezi Mungu ameweka huruma katika tumbo la mama. Mwaka 1938 wataalamu Walton na Hammond wa Cambridge walionyesha jambo hilo kwa farasi. Walipochanganya mbegu ya farasi wakubwa wa Shire na wale wadogo wa Shetland, mtoto aliyebebwa na mama mdogo alizaliwa mdogo, ingawa baba yake alikuwa jitu. Mama huzuia ukuaji wa mtoto tumboni. Lakini huruma hiyo ina mpaka, na hatari huwa kubwa zaidi kwa mtamba azaaye mara ya kwanza, ambaye nyonga yake bado yakua.

Kwa hiyo yatupasa kufanya mambo matatu. Kwanza, mtamba asipandishwe kwa sababu tu amelia joto. Angoje afikie asilimia 60 hadi 65 ya uzito wa ng'ombe mzima wa aina yake. Kama wazima hufikia kilo 400, yeye awe na kilo 240 hadi 260. Pili, alishwe vizuri tangu undama, kwani mtamba aliyedumaa hudumaa na nyonga yake. Kumnyima chakula miezi ya mwisho ili ndama awe mdogo ni kosa, maana humwondolea nguvu za kusukuma. Na kumnenepesha kupita kiasi ni kosa pia, kwa kuwa mafuta huziba njia. Tatu, mtaalamu wa uhimilishaji aulizwe: je, fahali huyu huzaa ndama wepesi? Kwa mtamba mdogo, mbegu ya Jersey mara nyingi ni salama kuliko ya Friesian.

Sasa twaja kwenye kamba. Mtamba akikwama, majirani huitana kwa wema, wakafunga miguu ya ndama, wakavuta wanaume watano kama wavutao jahazi pwani. Nia yao ni njema. Matokeo yake ni msiba. Mlango wa nyonga umesimama kama yai: urefu wake wa juu hadi chini wazidi upana wake. Mabega na makalio ya ndama ni mapana kwa upande. Ndiyo maana mjuzi huvuta mguu mmoja kwanza, kisha wa pili, ili bega moja litangulie. Huvuta mama asukumapo, hupumzika mama apumzikapo. Na kichwa na mabega vikiisha kutoka, huvuta kuelekea chini. Makalio yakikwama, humgeuza ndama kiubavu badala ya kuongeza watu. Nguvu za watu wengi huweza kuponda mishipa ya fahamu ipitayo ndani ya nyonga, na ng'ombe akabaki chini, asiweze kusimama tena.

Miguu ya mbele na pua zikionekana, na kazi yaendelea, mwacheni mama azae. Lakini chupa ikiisha kupasuka, na muda wa saa 1 ukapita bila hatua yoyote, aitwe daktari wa mifugo upesi, wakati ndama angali hai. Ada yake ni nzito mfukoni, hilo twalijua. Hata hivyo ni ndogo kuliko bei ya mtamba.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa mfugaji u katika siku ile achaguapo mbegu. Siku hiyo na autazame mwili wa mtamba wake kwanza, ndipo azihesabu lita za maziwa.