Filamu za hali halisi za nchi jirani: kwa nini wenyewe ndio huziona mwisho?

Mnamo mwaka 2018, kundi la watu waliojeruhiwa vitani lilipanda chombo kilichosheheni abiria na mizigo mjini Kisangani, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, likaanza safari ya takriban kilomita 1,700 kuelekea Kinshasa kwa njia ya mto. Baadhi yao walikuwa wamekatwa miguu, wengine mikono. Walikwenda kuiuliza serikali yao swali moja: fidia yetu iko wapi?

Mtengenezaji filamu Dieudo Hamadi, ambaye ni mzaliwa wa Kisangani, alisafiri nao akiwa na kamera yake. Filamu iliyotokana na safari hiyo, inayofahamika kwa Kiingereza kama Downstream to Kinshasa, iliteuliwa mwaka 2020 katika orodha rasmi ya tamasha la Cannes nchini Ufaransa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa filamu kutoka nchi hiyo kupata nafasi hiyo. Kisha ikaonyeshwa Toronto na katika miji kadhaa ya Ulaya.

Hata hivyo, katika nchi ambako habari hizo zilitokea, kuiona filamu hiyo halikuwa jambo jepesi. Na Kongo haiko peke yake. Kutoka Kampala hadi Nairobi, filamu za hali halisi, ambazo wengi huziita dokumentari, zimeongezeka na kupata sifa kubwa duniani katika miaka ya karibuni, lakini mara nyingi wanaosimuliwa ndani yake ndio huwa wa mwisho kuzitazama. Sababu zake ni zipi?

Safari ya filamu kutoka kamera hadi kwa mtazamaji

Filamu ya hali halisi huchukua muda mrefu kutengenezwa, kwa kuwa mtengenezaji hawezi kuyaamuru matukio yatokee. Sam Soko wa Kenya alitumia takriban miaka 7 kumfuatilia mwanaharakati na mpiga picha Boniface Mwangi, ambaye mwaka 2017 aligombea ubunge katika jimbo la Starehe jijini Nairobi na kushindwa. Filamu hiyo, Softie, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Sundance nchini Marekani mwezi Januari mwaka 2020, na ikatunukiwa tuzo maalumu ya uhariri.

Miaka yote hiyo inahitaji fedha, na hapo ndipo mwelekeo wa safari unapoamuliwa. Vituo vya televisheni vya Afrika Mashariki na Kati ni nadra kugharamia kazi ya namna hiyo. Mjini Nairobi kuna mfuko wa Docubox, ulioanzishwa na mwongozaji Judy Kibinge, ambao umewasaidia watengenezaji kadhaa wa kanda hii, akiwemo Soko. Lakini sehemu kubwa ya fedha hutoka kwa mifuko, mashirika na televisheni za Ulaya na Amerika Kaskazini.

Atoaye fedha huweka masharti. Matamasha makubwa hutaka filamu ionyeshwe kwao kwanza, kabla haijaonekana mahali pengine popote. Baada ya tamasha huja wanunuzi: msambazaji wa majumba ya sinema, kisha kituo cha televisheni, kisha huduma ya kutazama kwa njia ya intaneti. Kila mmoja hununua haki ya eneo fulani kwa muda fulani. Katika mpangilio huo, nchi ambayo soko lake la filamu ni dogo husubiri hadi wengine wote wahudumiwe.

Uganda: filamu iliyofika Oscar

Mfano ulio wazi ni ule wa Bobi Wine: The People's President. Filamu hiyo, iliyoongozwa na Moses Bwayo na Christopher Sharp, inamfuatilia mwanamuziki Robert Kyagulanyi, maarufu kama Bobi Wine, tangu aliposhinda uchaguzi mdogo wa Kyadondo Mashariki mwaka 2017 hadi uchaguzi wa rais wa Januari 2021. Katikati ya safari hiyo, mwezi Desemba mwaka 2017, bunge la Uganda liliondoa ukomo wa umri wa miaka 75 kwa wagombea urais.

Bwayo, ambaye ni Mganda, aliilipia kazi hiyo kwa mwili wake. Alikamatwa mwaka 2020, na mwezi Novemba mwaka huo huo alijeruhiwa usoni kwa risasi ya mpira akiwa kazini katika kampeni. Baadaye aliondoka nchini na kwenda Marekani.

Filamu ilionyeshwa Venice mwaka 2022, ikanunuliwa na National Geographic, na mwaka 2024 ikawa miongoni mwa filamu 5 zilizowania tuzo ya Oscar katika kundi la filamu ndefu za hali halisi. Huko Marekani mtazamaji aliweza kuipata kupitia Disney+. Wakati huo, huduma hiyo haikuwa ikipatikana Uganda. Hivyo filamu iliyohusu uchaguzi wa Waganda, iliyorekodiwa na Mganda, ilikuwa rahisi zaidi kuitazama Chicago kuliko Kamwokya, mtaa ambao Bobi Wine alikulia.

Kenya: mlango wa bodi ya uainishaji

Kikwazo cha pili ni sheria. Nchini Kenya, filamu yoyote inayokusudiwa kuonyeshwa hadharani hupitia kwanza Bodi ya Uainishaji wa Filamu. Bodi hiyo huweza kuiruhusu kwa watu wote, kuiwekea ukomo wa umri, au kuipiga marufuku. Mwezi Septemba mwaka 2021 iliipiga marufuku I Am Samuel ya Peter Murimi, filamu kuhusu maisha ya mwanamume Mkenya aliye katika uhusiano na mwanamume mwenzake, ingawa ilikwisha kuonyeshwa katika matamasha ya nje.

Marufuku rasmi si njia pekee ya kuizuia filamu. Mwezi Aprili mwaka 2025, onyesho la Blood Parliament, makala ya kitengo cha uchunguzi cha BBC Africa Eye kuhusu kuuawa kwa waandamanaji nje ya bunge la Kenya tarehe 25 Juni 2024, liliahirishwa jijini Nairobi kufuatia shinikizo. Filamu ilikuwa tayari imewekwa kwenye intaneti, na Wakenya kwa mamilioni wakaitazama kwenye simu zao. Siku chache baadaye polisi waliwakamata watengenezaji filamu wanne wakiwahusisha na kazi hiyo. BBC ilisema hawakushiriki, na wote waliachiliwa.

Tukio hilo lilionyesha mambo mawili kwa pamoja. Jumba la sinema linaweza kufungwa mlango, lakini simu haifungiki kwa urahisi. Na pale filamu isiposhikika, mkono wa dola huweza kuwaelekea watu, hata wasiohusika.

Lakini mlango haufungwi daima. Softie, ambayo haimbembelezi mtawala yeyote, iliruhusiwa na kuonyeshwa katika majumba ya sinema ya Kenya mwezi Oktoba mwaka 2020, wakati majumba hayo yakijaribu kurejea baada ya kufungwa kwa sababu ya janga la Covid-19.

Majumba yaliyogeuka makanisa

Kikwazo cha tatu ni mahali penyewe pa kutazamia. Jumba la zamani la Norman, lililokuwa sinema mashuhuri ya Kampala, leo ni kanisa. Kinshasa, mji wenye watu mamilioni, uliishi miaka mingi bila jumba la sinema la kibiashara, na baadhi ya majengo ya zamani yakageuzwa nyumba za ibada. Kumbi mpya zilizojengwa katika miji mikubwa ziko ndani ya maduka makubwa, na tiketi yake ni ghali kwa mtu anayeishi kwa kibarua cha siku.

Mtazamaji wa kawaida yuko kwingine: katika vibanda vya video, ambako Waganda humsikiliza VJ akiitafsiri filamu ya kigeni papo hapo kwa Kiluganda, na ambako Watanzania hubanana kwenye mabenchi ya kibandaumiza. Vibanda hivi vimeishi kwa filamu za mapigano na kandanda. Filamu ya hali halisi haijapata nafasi humo, si kwa sababu watu hawapendi habari za kweli, bali kwa sababu hakuna aliyewapelekea kwa lugha yao na kwa bei yao.

Zamani filamu ya kutazama nyumbani ilimfikia mtu kwa kanda, kisha kwa diski iliyouzwa mitaani. Siku hizi neno hilo lina maana ya intaneti. Faida yake ni kwamba bodi wala msambazaji hawezi kuihodhi filamu kirahisi. Hasara yake ni kwamba filamu ya saa moja na nusu humaliza kifurushi cha data cha siku kadhaa, na huduma nyingi za kulipia hudai kadi ya benki ambayo walio wengi hawana.

Njia za kuirudisha filamu nyumbani

Zipo juhudi za kufupisha safari hiyo. Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, maarufu kama ZIFF, lililoanzishwa mwaka 1997, huzionyesha filamu za nchi jirani ndani ya Ngome Kongwe, na limewahi kupeleka maonyesho vijijini Unguja na Pemba. Baadhi ya watengenezaji sasa hutenga fungu la bajeti kwa ajili ya maonyesho ya jamii: turubai, projekta, jenereta, na mjadala baada ya filamu.

Wengine huweka sharti hilo mapema, katika mkataba, kwamba haki za kuionyesha nchini mwao zisiuzwe pamoja na nyingine. Ni mstari mmoja tu wa maandishi, lakini ndio unaoamua iwapo filamu itarudi kwa wenyewe.

Kisangani bado wanasubiri

Umuhimu wa kurudi huko unaonekana Kisangani. Vita vilivyowajeruhi wasafiri wale vilipiganwa kati ya majeshi ya Rwanda na Uganda ndani ya mji huo, kwa siku 6 za Juni mwaka 2000. Mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliikuta Uganda na hatia ya kukiuka sheria ya kimataifa nchini Kongo. Kesi dhidi ya Rwanda haikuendelea, kwa kuwa mwaka 2006 mahakama hiyo ilisema haina mamlaka ya kuisikiliza. Tarehe 9 Februari 2022 Uganda iliamriwa kulipa dola milioni 325, kwa awamu 5 za kila mwaka, na malipo ya kwanza yalitolewa Septemba mwaka huo.

Fedha zikaanza kuingia, lakini maswali hayakwisha. Mwezi Septemba mwaka 2025, mahakama mjini Kinshasa ilimhukumu aliyekuwa Waziri wa Sheria, Constant Mutamba, miaka 3 ya kazi za kulazimishwa kwa ubadhirifu wa takriban dola milioni 19 zilizotengwa kujenga gereza mjini Kisangani, fedha zilizotokana na fidia hiyo hiyo. Mutamba alikana mashtaka.

Filamu haiwezi kulipa fidia, wala kumrudishia mtu mguu wake. Inachoweza kufanya ni kuweka kumbukumbu ya nani alidai nini, lini, na mbele ya nani. Kumbukumbu hiyo ikibaki katika maktaba za matamasha ya Ulaya, hubaki kuwa habari kuhusu Kongo. Ikionyeshwa Kisangani, mbele ya walemavu wa vita na watoto wao waliozaliwa baada ya mizinga kunyamaza, inakuwa ushahidi ulio mikononi mwa wenye madai.