Kuisasisha Ruta ya Nyumbani kwa Usalama

Katika nyumba nyingi siku hizi, kwenye kona ya sebule au juu ya kabati, kimekaa kisanduku kidogo chenye taa zinazomemeta. Kisanduku hicho ni ruta, chombo kinachoiunganisha nyumba na intaneti. Watoto hukitegemea kwa masomo na wazazi kwa biashara. Lakini ni nadra mtu kukitazama, isipokuwa siku mawasiliano yanapokatika. Makala haya yanakusudia kumweleza msomaji kwa nini programu ya chombo hiki yahitaji kusasishwa, ni hatari gani iliyomo katika kazi hiyo, na namna ya kuifanya bila kukiharibu.

Ruta ni kompyuta

Baadhi ya watu huidhania ruta kuwa ni kifaa cha kupitishia mawasiliano tu, kama vile bomba lipitishavyo maji. Sivyo. Ruta ni kompyuta kamili, ingawa haina kioo wala kibodi. Kazi zake zote huongozwa na programu msingi, ambayo kiwanda huiandika katika kumbukumbu ya aina ya flashi, yaani kumbukumbu isiyopotea umeme unapozimwa. Programu hii ndiyo inayokipa kila kifaa cha nyumbani anwani yake, ndiyo inayokagua neno la siri la waifai, na ndiyo bawabu aliyesimama mlangoni kati ya nyumba na dunia ya nje.

Programu huandikwa na binadamu, na binadamu hukosea. Mwezi Oktoba 1917 usingeweza kuwa na habari hizi, lakini Oktoba 2017 Mathy Vanhoef, mtafiti wa Chuo Kikuu cha KU Leuven nchini Ubelgiji, alitangaza kasoro katika WPA2, utaratibu wa kuficha mawasiliano ya waifai uliokuwa ukitumika duniani kote. Kubadilisha neno la siri hakukuweza kuziba tundu hilo. Dawa ilikuwa moja tu: kusasisha programu za vifaa vilivyohusika.

Hasara ya kupuuza

Mwishoni mwa Novemba 2016, wateja wapatao 900,000 wa kampuni ya Deutsche Telekom nchini Ujerumani walipatwa na matatizo ya intaneti. Sababu ilikuwa shambulio la programu haribifu ya jamii ya Mirai, lililobisha hodi kupitia mlango ambao makampuni huutumia kuzisimamia ruta kutoka mbali. Kampuni ilitengeneza programu mpya upesi, na wateja wakaambiwa wazime ruta zao kisha waziwashe tena ili zipokee sasisho hilo.

Tukio jingine lilikuwa zito zaidi. Kati ya tarehe 25 na 27 Oktoba 2023, zaidi ya ruta 600,000 za wateja wa kampuni moja ya Marekani ziliharibiwa. Watafiti wa Black Lotus Labs, waliotoa taarifa yake Mei 2024, walieleza kwamba ruta hizo hazikuweza kufufuliwa, zilibidi kubadilishwa. Ruta isiyotunzwa, basi, yaweza kugeuzwa chombo cha adui, au kuuawa kabisa.

Hatari iliyomo katika kusasisha

Ikiwa faida ni kubwa hivi, mbona watu wengi huogopa kusasisha? Hofu yao ina msingi. Kumbukumbu ya flashi haiandikwi juu ya maandishi ya zamani. Sharti sehemu inayohusika ifutwe kwanza. Yafanana na ubao wa darasani: mwalimu hufuta somo la jana ndipo aandike la leo. Katika ruta nyingi za bei nafuu, nafasi yote ni megabaiti 4, 8 au 16 tu, na haitoshi kuweka programu ya zamani na mpya kwa pamoja. Umeme ukikatika baada ya ubao kufutwa na kabla somo jipya halijakamilika, ruta hubaki bila maagizo.

Mimi mwenyewe niliwahi kuipoteza ruta kwa njia hiyo. Nilianza kazi usiku bila kutazama mita ya LUKU. Uniti zikaisha katikati ya uandishi. Nilipokwisha kununua umeme mwingine, ruta iliwasha taa moja tu, nayo haikubadilika tena. Kosa halikuwa la fundi wala la kiwanda, lilikuwa langu. Tangu siku hiyo nimejua kwamba hatari yote ya kazi hii imekusanyika katika dakika chache za kuandika, na kwamba maandalizi mengine yote ni kwa ajili ya kuzilinda dakika hizo.

Maandalizi

Kwanza, jua ruta ni ya nani. Ikiwa ulipewa na kampuni ya intaneti, waulize wao kabla ya kugusa chochote. Makampuni mengi huzisasisha ruta zao kutoka mbali, tena programu yao yaweza kuwa tofauti na ile ya kiwanda.

Pili, geuza ruta usome kibandiko kilicho chini yake. Andika jina la modeli pamoja na toleo la umbo lake, ambalo mara nyingi huandikwa v1, v2 au v3. Ruta mbili zenye jina moja na sura moja zaweza kuwa na vipuri tofauti ndani, na programu ya v1 yaweza kuiua v2.

Tatu, pata faili kutoka tovuti ya mtengenezaji mwenyewe, wala si kutoka kwa rafiki au tovuti usiyoijua. Pale ambapo mtengenezaji ametoa alama ya uhakiki, ilinganishe na ya faili lako. Alama ya SHA-256, kwa mfano, ina herufi na tarakimu 64. Faili likipungua hata chembe moja njiani, alama yote hubadilika.

Nne, hifadhi nakala ya mipangilio, na uandike kwenye karatasi yale ya lazima: jina la waifai, neno la siri, na kwa ruta za laini ya simu, mipangilio ya mtandao wa kampuni. Sasisho huweza kuyafuta haya yote.

Tano, hakikisha umeme. Tazama uniti za LUKU. Epuka saa za mgawo na za mvua ya radi. Mwenye betri ya akiba inayolingana na ruta yake na aitumie.

Wakati wa kazi

Unganisha kompyuta na ruta kwa waya, kwa kuwa waifai yaweza kukatika wakati faili linapitishwa. Fungua kivinjari, andika anwani iliyo kwenye kibandiko, ambayo aghalabu ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1, kisha uingie kwa neno la siri la msimamizi. Tafuta sehemu ya kusasisha programu, chagua faili, na uanze.

Baada ya hapo usiguse kitu. Usizime, usichomoe waya, usifunge ukurasa. Taa zaweza kuzimika na kuwaka tena. Hiyo si dalili ya kifo. Hata ikionekana kuwa kazi imekwama, subiri muda mrefu zaidi ya ule uliotajwa na mtengenezaji, maana ruta nyingi zimeuawa na pupa ya mwenye nyumba.

Baada ya kazi

Ruta ikisharudi, hakiki kwamba namba ya toleo imebadilika. Kisha badilisha neno la siri la msimamizi ikiwa bado ni lile la kiwandani. Mirai ya mwaka 2016 ilienea kwa kujaribu majina na maneno ya siri ya kiwandani yapatayo 60 tu, na hayo yakatosha kuteka vifaa vingi mno. Zima pia usimamizi wa kutoka mbali, kama huutumii.

Na ikiwa ruta haikuamka? Usiitupe mara moja. Programu ndogo ya kuwashia hukaa katika sehemu yake peke yake, na kwa kawaida haifutwi na sasisho. Ruta nyingi zina njia ya kupokea programu upya kupitia programu hiyo. Maelezo yake hupatikana kwa mtengenezaji au kwa fundi mzoefu.

Hatimaye, kila ruta ina siku ambayo mtengenezaji wake huacha kuitolea masasisho. Nchini Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, sheria humtaka mtengenezaji atangaze muda huo. Mnunuzi wa hapa kwetu naye aulize dukani kabla ya kutoa fedha zake: chombo hiki kitatunzwa mpaka mwaka gani? Ruta ya bei rahisi iliyokwisha kuachwa na kiwanda ni mlango usio na bawabu.