Ruta ya dukani: Tenganisha wageni na hesabu

Tangu mkonga wa baharini wa SEACOM uanze kazi Dar es Salaam mwaka 2009, intaneti isiyo na waya imekuwa sehemu ya huduma katika hoteli, migahawa na ofisi za utalii mjini Arusha. Hasara hunyemelea pale simu ya mgeni na kompyuta ya hesabu zinapotumia mtandao mmoja.

Hatua ya kwanza ni kubadili neno la siri la kiwandani linalofungua mipangilio ya ruta. Anayelijua anaweza kuelekeza kompyuta za ofisi kwenye kurasa bandia za benki. Pili, chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3. Ule wa zamani, WEP, ulivunjwa na wataalamu mwaka 2001. Tatu, fungua mtandao wa wageni, uliotengwa na mashine za mauzo na printa.

Kwenye maduka yaliyobanana, kama eneo la Soko Kuu, mawimbi ya majirani hugongana. Katika masafa ya gigahezi 2.4, chaneli 1, 6 na 11 haziingiliani. Tumia yenye msongamano mdogo. Kuta nene zikizuia mawimbi, kisambazaji cha pili kiunganishwe kwa waya, na kazi ya kugawa anwani za mtandao ibaki kwa ruta moja tu.

Ruta nyingi zina uwezo huo tayari, hivyo gharama ni ndogo. Ni vema kazi ikamilike kabla ya Juni, msimu wa watalii unapoanza.